Kuku Wetu, Njiwa Wetu, na Haki ya Jirani

Hapana asiyejua kwamba kuku ni halali na njiwa ni halali. Lakini twapenda kuuliza suala ambalo watu wengi hulipita: je, uhalali wa nyama watosha kuufanya ufugaji wenyewe kuwa wa haki? Suala hili si la wanazuoni peke yao. Ni la kila mwenye tundu la ndege nyuma ya nyumba yake, khasa katika miji ambayo watu wamesongamana.

Natutazame mitaa ya mashariki ya Nairobi, waliko jamaa zetu wengi waliokwenda bara kutafuta riziki. Pumwani ilianza miaka ya 1920, na nyumba zake za Majengo zilijengwa kwa mtindo tuujuao sisi wa pwani: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na uani nyuma. Kaloleni ya huko, ambayo si Kaloleni yetu ya pwani, ilijengwa miaka ya 1940 ikiwa na viwanja vya wazi baina ya nyumba. Tangu hapo watu wamezidi, na ua mmoja hutumiwa na jamaa nyingi. Katika nafasi kama hiyo mtu huweka kuku watano na jozi mbili tatu za njiwa, ili watoto wapate kitoweo.

Wala hatusemi kwamba mtu huyo amekosa. Ndege hawa ni neema kwa mnyonge. Kuku hulalia mayai yake siku 21, na vifaranga huanza kudonoa na kupekua wenyewe. Njiwa hutaga mayai mawili tu, na dume na jike hupokezana kuyalalia kwa siku 18 hivi. Makinda huwa tayari kwa chungu baada ya wiki nne. Tena njiwa hamgharimu mwenyewe chakula kingi, kwa kuwa hutoka asubuhi akajitafutia, na jioni akarudi. Hata serikali ya Kaunti ya Nairobi, kwa sheria yake ya mwaka 2015, imeutambua ukulima na ufugaji wa mjini na kuuwekea taratibu.

Lakini hapo penye nafuu ndipo penye mtihani. Njiwa ajitafutiaye, ajitafutia wapi? Hula mchele wa jirani ulioanikwa juu ya ungo, na mtama wa mwenye duka, kisha nyama yake huliwa na mtu mmoja. Kuku akiachiwa, huharibu mchicha wa mwenziwe. Akifungiwa, harufu ya kinyesi chake hupita ukuta bila ya kubisha hodi. Na kideri kikiingia tundu moja, hakiulizi mipaka: huwafyeka kuku wa mtaa mzima.

Natumfikirie mama mjane afugaye njiwa sita kwa ajili ya watoto wake. Jirani amechoka kuliwa nafaka yake. Siku moja atega mtego, akamata wawili, awachinja na kuwapika. Asema: "Wamekula changu, nami nimewala." Ni nani aliyemdhulumu mwenziwe? Twaona wote wawili wamekosa, lakini si sawasawa. Jirani amekosa zaidi, kwa sababu njiwa mwenye tundu si mawindo. Ni mali ya mtu, na kosa la njiwa si ruhusa ya kuiba. Mama naye, huenda kadhi asimtoze fidia kwa punje chache. Lakini alijua kwamba jirani ataabika, akanyamaza kwa kuwa faida ilikuwa yake. Umasikini wake ni udhuru wa kufuga. Si udhuru wa kutojali.

Watu husema: "Kiwanja ni changu, nafanya nipendavyo." Hili ndilo kosa lenyewe. Katika kiwanja kidogo hapana kitu kibakicho ndani ya mpaka wake. Sauti hutoka, harufu hutoka, ugonjwa hutoka, na njiwa mwenyewe hutoka. Kwa hivyo jirani amekwisha kuwa mshirika wetu, tupende tusipende. Lililobaki ni kuamua: awe mshirika wa hasara peke yake, au wa faida pia?

Mshirika wa faida huulizwa kabla ya tundu kujengwa, si baada ya ugomvi. Hupelekewa mayai mawili matatu bila ya kuomba, na jozi ya makinda mtoto wake anapougua. Kwa ajili yake tutafagia banda kila siku, tutawachanja kuku dhidi ya kideri, tutawalisha njiwa kabla ya kuwaachia ili wasitoke na njaa, na tutapunguza idadi iwapo nafasi haitoshi.

Ndege naye ana haki yake. Twaijua khabari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila ya kumlisha wala kumwacha ajitafutie. Basi mwenye kubananisha kuku kumi katika nafasi ya wawili, kisha akanoa kisu mbele ya macho yao, asijidanganye kwamba bismillahi moja yafuta yote.

Haya twajiambia na sisi wa Mombasa, Malindi na Lamu, kwani nyua zetu nazo zazidi kuwa ndogo. Mtu akikaa mbele ya sinia la wali kwa njiwa, na ajiulize: lau jirani angeingia sasa hivi, ningemkaribisha kwa furaha, au ningefunika chungu? Jawabu hiyo ndiyo itakayomwonyesha kama chakula chake ni halali kwa ulimi tu, au ni halali kwa moyo pia.