Toka Ntinda na Mkanda wa Picha 36

Unamsubiri nani? Yule rafiki mliyepanga naye kwenda Mombasa ameshaoa, sasa safari lazima ijadiliwe nyumbani kwanza. Wa pili anakimbizana na ada za shule. Wa tatu, kila mkikutana stegi ya Ntinda, anakwambia "mwezi ujao, usijali", na miezi inapita. Huku juu ya kabati kamera ya mzee imelala kwenye mfuko wake wa ngozi tangu simu za picha zilipoingia. Ishushe leo. Ifute vumbi, tafuta mikanda, funga begi dogo, uvuke mpaka peke yako.

Nasema peke yako kwa makusudi. Watu wanne wakisafiri pamoja wanaihamisha Ntinda nzima: vichekesho vilevile, ubishi uleule wa nani alipe, Luganda asubuhi mpaka usiku. Aliye peke yake hana pa kujificha. Akitaka njia lazima aulize, akitaka kula lazima akae meza moja na mtu asiyemjua, na Kiswahili alichokuwa akikionea haya Kampala kinamtoka chenyewe kabla hajafika Kisumu.

Kikwazo cha kwanza kiko kichwani. Vijana wengi wakisikia "nje" wanaiona Entebbe, ndege na viza ya Dubai, kisha wanakata tamaa wakiwa wamekaa. Ndugu yangu, nje inaanzia Busia. Tangu 2014 Mganda anaingia Kenya na Rwanda kwa kitambulisho cha taifa, na kituo cha Busia, kilichozinduliwa rasmi 2018, ni cha pamoja: ya kutoka na ya kuingia unayamaliza chini ya paa moja. Kwa Tanzania chukua pasipoti; ya kawaida inalipiwa shilingi 250,000. Basi la jioni kutoka Kampala linakuamshia Nairobi. Hapo kuna treni ya SGR, iliyoanza 2017, mpaka Mombasa. Kutoka Mombasa kuna mabasi ya Tanga na Dar es Salaam kupitia Lunga Lunga, na kutoka Dar kuna boti ya Unguja. Umefika Zanzibar bila kupanda ndege.

Sasa, kwa nini kamera ya mkanda wakati simu iko mfukoni? Simu nayo beba, utahitaji ramani na pesa za simu. Lakini simu inakuinamisha kichwa. Unapiga, unatazama, unafuta, unapiga tena, unatuma, unangoja wakusifu, na mtaa mzima umekupita. Mkanda una picha 36 na hauna pa kutazama. Ukishabonyeza, limekwisha; jibu utalipata wiki tatu baadaye. Kwa hiyo unalazimika kusimama, kuangalia mwanga unatoka wapi, kusogea hatua mbili na, lililo kubwa kuliko yote, kuongea na mtu kabla hujampiga picha.

Mfikirie mzee wa kahawa katika Mji wa Kale wa Mombasa, na dele lake la shaba na vikombe visivyo na mkono. Kijana wa simu anampiga akipita, hata salamu hakuna, na mzee anageuza uso. Wewe una kamera shingoni na picha tisa zimebaki. Huwezi kuibia. Unakaa kwenye benchi, unasema "Shikamoo mzee", unaitikiwa "Marahaba mwanangu, watoka wapi?" Unanywa kikombe cha kahawa chungu. Kisha yeye mwenyewe anaiona: "Hiyo si ya mkanda? Bado zapatikana?" Na hapo anaanza kukuhadithia studio aliyopigwa picha ya harusi yake. Ile moja utakayompiga baada ya mazungumzo hayo itakuwa na uso uliokubali kutazamwa. Hilo halina programu ya kulipakua.

Na usije ukadhani huu ni mchezo wa Wazungu wenye muda wa kupoteza. Mbarara kulikuwa na Musa Katuramu, mwalimu wa useremala, aliyepiga picha za watu wake kuanzia miaka ya 1930. Familia ikazitunza negativu zake, na leo ni kumbukumbu ya magharibi ya Uganda ambayo serikali ya kikoloni isingetuachia. Unguja kuna Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 na kuendelezwa na mwanawe Rohit. Nairobi alizaliwa Priya Ramrakha, 1935. Alikwenda kusomea upigaji picha Marekani, akawa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kupigia picha majarida ya Life na Time, akarudi kuupiga uhuru wa nchi zetu ukizaliwa. Mwaka 1968 aliuawa kwa risasi akiwa kazini katika vita vya Biafra, kule Nigeria. Sikutumi vitani. Nakuonyesha tu kwamba kijana wa Afrika Mashariki kutoka na kamera yake kwenda kuuona ulimwengu ni jambo la zamani kwetu.

Tena mifano mingine huna haja ya kuifuata mbali. Ukipanda taksi ya Ntinda kupitia Bukoto na Kamwokya unapita mbele ya Makumbusho ya Uganda, Kira Road. Mwaka 2019 zilitundikwa mle picha za zama za Idi Amin, zilizotolewa kwenye makumi ya maelfu ya negativu zilizokuwa zimekaa katika stoo ya shirika la utangazaji, UBC. Wengi waliamini hazipo tena. Miaka arobaini na zaidi kwenye bahasha, na bado sura zinasomeka. Wewe picha zako za 2016 ziko wapi? Kwenye simu iliyoibiwa Owino, au kwenye akaunti ambayo nywila yake umeisahau.

Basi tuingie kwenye vifaa. Tafuta kamera isiyotegemea betri. Pentax K1000, iliyotengenezwa kuanzia 1976, inatumia betri kwa kipima mwanga tu. Betri ikifa njiani, kamera inaendelea. Zenit za Kirusi ni nzito kama tofali, na ndiyo sababu zimedumu. Ukishaweka mkanda na kufunga mgongo wa kamera, vuta mkono wa kusogezea filamu huku ukikitazama kile kitufe cha kurudishia upande wa kushoto. Kikizunguka, mkanda unakwenda. Kikikaa kimya, fungua uanze upya, maana kuna watu wamezunguka Lamu nzima wakipiga hewa.

Kipima mwanga kikikataa, jua letu ni kipimo tosha. Jua likiwa wazi, weka tundu la lenzi kwenye 16 na kasi iliyo karibu na namba ya mkanda: mkanda wa 200, kasi ya 1/250. Uso mweusi kivulini uongezee mwanga stopu, yaani hatua, moja au mbili bila woga. Viwanda vya filamu vilipima rangi zao kwa ngozi nyeupe kwa miongo mingi, lakini negativu inavumilia mwanga kuzidi kuliko kupungua, na hiyo ni faida yetu. Mikanda usiiache kwenye dashibodi ya basi wala, siku ukipanda ndege, kwenye begi linalokwenda buti, kwani mashine za eksirei za huko chini ni kali. Ibebe mkononi katika mfuko unaoonyesha ndani na uombe ikaguliwe kwa mkono, hasa penye mashine mpya za CT. Omba kwa adabu, na fika mapema. Madaraja, mabwawa, kambi na maofisa wa mpaka usiwaelekezee lenzi kabisa. Hapo hamasa yangu inakoma.

Kusafisha je, na studio zimefungwa? Kwa mkanda wa rangi itabidi uulizie, au uutume mbali. Mkanda mweusi na mweupe unaweza kuusafishia jikoni kwako, kwa kahawa. Sitanii. Mwaka 1995 katika chuo cha teknolojia cha Rochester, Marekani, Scott Williams na wanafunzi wake walionyesha kwamba kahawa ya unga ya kuyeyuka pamoja na magadi ya kufulia inatoa picha. Baadaye watu wakaongeza vitamini C. Na kahawa inayosifiwa na mafundi wa njia hiyo ni robusta ya bei rahisi, ile inayomea hapa Buganda. Fiksa tu, dawa ya kuidumisha picha, ndiyo dawa ya picha ambayo lazima uinunue.

Najua unachoogopa zaidi, hasa wewe dada yangu: kuwa peke yako usiku katika mji usioujua. Woga huo una akili, usiudharau. Panga kufika mchana, lipia chumba cha usiku wa kwanza kabla hujaondoka, mwachie mtu mmoja nyumbani ratiba yako na umpigie kila jioni. Kamera ivae begani ikiwa imefunikwa na leso, wala usimwambie kila anayeuliza kwamba uko peke yako. Wanawake wetu wanavuka Busia na Malaba kila siku na mizigo ya biashara inayowazidi uzito. Waulize, watakufundisha kuliko kitabu chochote cha utalii.

Picha nyingi zitakuwa mbovu. Katika 36 za kwanza ukipata nne za kutundika ukutani, umefanya vizuri. Ila hizo nne hutazipata kwa kuendelea kulinganisha bei za lenzi ukiwa umekaa kwenye kibanda cha rolex.

Fomu ya pasipoti inajazwa mtandaoni, na ofisi yenyewe iko Kyambogo, hapo jirani tu na Ntinda. Ijaze usiku huu kabla hujalala.