Rangi Isiyobanduka

Bomba jeusi la polithini, lile lenye mistari ya buluu ubavuni ambalo mafundi hulifukia kupeleka maji majumbani, lina masizi ndani yake. Si mengi: kilo 2 hadi 2.5 katika kila kilo 100. Hayatiwi yakiwa vumbi, kwa sababu vumbi lake hupeperuka, huchafua kiwanda kizima na kushikana mabonge. Hukandwa kwanza katika plastiki iliyoyeyuka, kisha hukatwa kuwa punje ngumu zenye masizi asilimia 40 hivi. Viwandani punje hizo huitwa mastabachi. Mwendesha mashine huchanganya kilo 5 au 6 za punje hizo na plastiki ya kawaida hadi zitimie 100, mashine ikayeyusha vyote pamoja, na kinachotoka hakitenganishiki tena.

Wanafalsafa walikuwa na desturi ya kuitenganisha rangi na kitu chenye rangi. Aristotle alisema mtu yule yule huweza kuwa mweupe wakati mmoja na mweusi wakati mwingine, naye akabaki yeye: dhati hudumu, sifa huja na kuondoka. Wanatheolojia wa Kiislamu wa mkondo wa Ashari walikwenda mbali zaidi. Kwao, sifa kama rangi haidumu hata kwa nyakati mbili mfululizo. Mwenyezi Mungu huiumba upya kila papo.

Bomba hilo linalitia shaka wazo la Aristotle. Ondoa masizi, uliache juani: mionzi ya jua itakata minyororo ya polithini, plastiki itakauka, itapasuka, itakuwa vipande. Weusi ndio unaoimeza mionzi hiyo kabla haijadhuru. Hapa sifa ndiyo inayoilinda dhati, na aliyepima zile kilo 6 ameamua bomba litaishi muda gani. Kwa Ashari hao hao, Mungu ndiye muumba wa matendo yote, lakini binadamu hulichuma tendo lake na atahesabiwa kwalo. Basi huyu wa kilo 6 amechuma nini?

Katika Sahih Muslim kimo kisa cha Mtume Muhammad kupita penye fungu la chakula, akatia mkono ndani, vidole vikakuta majimaji. Mwenye mali akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka kilicholowa juu, watu wakione, kisha akamkana mwenye kughushi. Zito katika kisa hiki ni kwamba mvua haikuwa kosa la yule muuzaji. Kosa lilikuwa mpangilio: kikavu juu, chepechepe chini.

Rangi nyeusi ni hodari wa mpangilio wa namna hiyo. Plastiki za rangi nyingi zikiyeyushwa pamoja hutoa rangi ya tope ambayo wanunuzi huikwepa. Mastabachi nyeusi huifunika. Hilo peke yake si dhambi, tena ni jema, kwani linaokoa plastiki isiende jalalani. Tatizo ni kile kinachofunikwa pamoja na tope. Mwaka 2018 Andrew Turner wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, alieleza kwamba bidhaa nyeusi za kawaida, vikiwemo vyombo vya jikoni, hukutwa na bromini ya kuzuia moto na metali kama risasi, dalili ya makasha ya televisheni na kompyuta yaliyorejelezwa. Mpishi anayegeuza chapati kwa mwiko mweusi hana namna ya kutia mkono ndani ya fungu.

Wanaofichua nao wanadaiwa uwazi ule ule. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2024 kuhusu miiko hiyo ulikosea kuzidisha: kiwango cha rejea cha kemikali moja ya kuzuia moto, kwa mtu wa kilo 60, ni nanogramu 420,000 kwa siku, si 42,000. Watafiti walisahihisha hadharani, ingawa walishikilia hitimisho lao. Kosa lililowekwa juu ya fungu halimdhuru mnunuzi.

Mfano mgumu zaidi ni njano na nyekundu za kromati ya risasi. Ni rangi kali, zinavumilia joto na hazichujuki upesi. Risasi iliyomo ni sumu. Umoja wa Ulaya uliweka Mei 2015 kuwa mwisho wa kuzitumia rangi hizo, isipokuwa kwa kibali. Mwaka 2016 Tume ya Ulaya ilitoa kibali cha kuziuza na kuzichanganya, pamoja na kuzitia katika michanganyiko ya kuitia plastiki rangi, kwa vitu visivyouzwa kwa watu wa kawaida. Sweden ikaenda mahakamani. Tarehe 7 Machi 2019 kibali kikafutwa, kwa kuwa Tume haikuhakikisha ipasavyo kwamba hakuna mbadala unaofaa. Mzigo wa kuthibitisha ukarudi kwa anayeitaka sumu, mahali pake hasa.

Chini ya mabeseni mengi kuna pembetatu ya mishale yenye namba 5, maana yake polipropilini. Namba hiyo inataja dhati peke yake. Kilichoongezwa hakitajwi, wala asili ya plastiki yenyewe. Kuviandika si gharama ya kutisha, kwa sababu herufi huchongwa kwenye kalibu mara moja zikatokea katika kila beseni. Aliyechonga ile 5 alikuwa na nafasi ya kutosha kuongeza kwamba plastiki hii imerejelezwa, na imetoka kwenye nini.