Nani Alimshika Mkono Mpaka Siloamu?



Tufungue Injili ya Yohana, sura ya 9. Mtu mwenye kuzaliwa kipofu yuko njiani, na wanafunzi wanauliza neno ambalo sisi watu wa Ruashi tunalijua sana: nani alitenda zambi, yeye ao wazazi wake? Hapa kwetu tunasema: nani alimloga?

Bwana alikataa njia ile ya kuuliza. Alifanya udongo kwa mate, akampaka machoni, akamtuma kunawa katika birika la Siloamu. Basi mtu yule alitembea angali kipofu. Injili haisemi nani alimwongoza. Sisi mashemasi tunawaza sana juu ya safari ile.

Kwa sababu tunapopita nyumba kwa nyumba tunakuta nkambo ameketi karibu na mbabula, jicho limekuwa jeupe, na watoto wa jirani wanamwita mlozi. Ulozi wapi? Ule ni mtoto wa jicho. Kioo cha ndani ya jicho kimefifia, mara nyingi kwa uzee tu. Katika dunia yote hakuna ugonjwa unaopofusha watu wengi kuliko huo. Munganga anaondoa kioo kile na kuweka kingine cha plastiki, na kazi yenyewe kwa kawaida haifiki saa moja. Nkambo anaona tena. Na mjukuu aliyekuwa akimshikia fimbo anarudi masomo, hilo tunalisahau.

Presha ya jicho ni jambo lingine, nayo haingoji. Inakula pembeni polepole, mara nyingi bila maumivu, na kilichopotea hakirudi. Dawa inalinda kile kilichobaki tu. Kwa hiyo mwenye kupita miaka 40 apimwe, zaidi yule ambaye baba ao mama yake alipofuka kwa ugonjwa huo.

Wengine kati yetu wanasema: tuombe kwanza, hospitali baadaye. Kuomba tunaomba, wala hatutaacha. Lakini yule kipofu alipotumwa kunawa hakujibu kwamba kwenda ni kukosa imani. Tena tuache kutia machoni maji ya majani, mkojo, maziwa ya mama. Jicho linaoza.

Mama wapenzi, surua pia inapofusha watoto. Kati ya 2018 na 2020 iliua watu zaidi ya 7,000 katika Kongo yetu, wengi wao watoto wadogo. Msifiche watoto siku ya chanjo. Matembele, sombe na mafuta ya mawese vinalinda macho yao. Nanyi vijana mnaounganisha vyuma kwa moto, na ninyi mnaoponda mawe, vaeni miwani ya kazi.

Jumapili hii baada ya ibada tutabaki mlangoni na daftari. Mwenye mzee asiyeona vizuri atuambie avenue na nambari ya parseli. Sadaka ya siku ile itakuwa ya basi na ya kupimwa. Lakini franga hazitoshi. Tunahitaji watu wenye nafasi siku za kazi: kupanga mstari asubuhi mapema, kumsomea nkambo karatasi, kumrudisha jicho likiwa limefungwa, na kupita kwake kila siku kumtilia matone kwa saa zake, maana akiachwa peke yake chupa ile inalala juu ya kabati.