Jiwe la Mpakani

Katika jimbo la Derbyshire, katikati ya Uingereza, viko vijiji vilivyokaribiana hata mtu mwenye miguu mizima huweza kuvizuru vitatu kabla ya adhuhuri: Foolow penye kidimbwi chake, Eyam mlimani, na Stoney Middleton bondeni. Nilipokaa upande ule nilizoea kutembea katika njia za mashambani, kati ya kuta za mawe yaliyopangwa pasipo udongo wala chokaa, na aghalabu miguu ilinichukua mpaka kwenye kijia kiteremkacho kutoka Eyam, ambako limelala jiwe moja lenye matundu sita. Siku moja, mvua ikiwa imeanuka punde, nilitia kidole katika tundu mojawapo, nikagusa maji baridi; nikakumbuka kwamba yasemekana hapo palitiwa siki, na ndani ya siki sarafu, ili jirani aliyeleta chakula achukue thamani yake bila ya kuchukua maradhi.

Ilikuwa Septemba 1665 alipofariki George Viccars, msaidizi wa mshona nguo wa Eyam, ambaye husimuliwa kwamba alifungua furushi la kitambaa lililotoka London, mji uliokuwa ukiangamia kwa tauni. Mwaka uliofuata kasisi William Mompesson, pamoja na Thomas Stanley, kasisi wa kabla yake aliyekuwa ameondolewa kwa ikhtilafu za dini, waliwasihi watu wasitoke kijijini, wasije wakaipeleka tauni kwa majirani. Watu wakakubali. Kanisa likafungwa, ibada ikahamia bondeni chini ya mbingu, na mauti yalipokoma walikuwa wamekufa watu wapatao 260. Elizabeth Hancock peke yake, katika siku nane za Agosti 1666, alizika mume na watoto sita.

Muislamu asomaye habari hizi hawezi kuziona ngeni. Mtume, rehema na amani zimshukie, alifundisha kwamba ardhi iliyoingia tauni isiingiwe, wala aliye ndani yake asitoke kwa kuikimbia. Na Sayidina Omar alipogeuza msafara asiingie Sham penye tauni, akaulizwa kama anaikimbia kadari ya Mungu, alijibu kwamba anaikimbia kadari kwa kuiendea kadari nyingine. Kumbe kusubiri mahali pamoja na kugeuka njiani vyaweza kuwa ibada moja, ikiwa nia ya vyote viwili ni kuhifadhi roho za watu.

Walakini lipo swali ambalo sikuweza kulipita nikiwa nimesimama mbele ya makaburi ya akina Hancock, yaliyozungushiwa ukuta katika shamba lililo wazi kwa upepo: watoto wale sita walikubali lini? Mompesson mwenyewe aliwapeleka wanawe mbali kabla ya mipaka kufungwa. Mkewe Catherine akabaki naye, akafa. Simlaumu baba kwa kuwapenda wanawe, lakini siwezi kuita hiari kile ambacho mtoto hakuulizwa, na sifa tunazowapa wafu zisitusahaulishe kwamba wengine walitolewa kabla ya kujitoa.

Jibu nililolipata sikulipata kanisani wala kaburini, bali pale kwenye jiwe. Tumezoea kumsifu aliyebaki ndani na kumsahau aliyepanda mlima na mkate begani, ilhali ni wawili hao pamoja waliofanya mpaka ule uwe ujirani. Lau wa bondeni wasingalileta chakula, na lau bwana wa Chatsworth, mwenye cheo cha Earl wa Devonshire, asingalituma riziki yake, subira ya watu wa Eyam ingalikuwa kifungo, na kuitaka kwao kungalikuwa dhuluma. Basi yeyote amwambiaye mwenzake, "Stahamili kwa ajili yetu," amejitwika deni palepale. Na deni hilo ni zito zaidi mbele ya wale ambao hawakuwa na kauli.

Nilitoa kidole katika maji, nikateremka kuelekea Stoney Middleton kwa njia ileile ambayo kwayo mkate ulipanda. Ni mwendo mfupi mno. Hapo ndipo nilipofahamu jinsi ilivyokuwa rahisi kukimbia, na jinsi ilivyokuwa rahisi pia kutokuja.