Kiboko na Ayubu

Katika Kitabu cha Ayubu, mtu aliyefiwa na watoto, akapoteza mali na afya, anamdai Mungu sababu. Hapewi sababu, anaonyeshwa wanyama. Mmoja wao, mla nyasi mwenye nguvu za kutisha, wafasiri wengi humwona kuwa ni kiboko. Ayubu haambiwi amwinde wala amfuge, anaambiwa amwangalie, kwani wote wawili wana Muumba mmoja. Nashikilia kwamba kumwangalia mnyama bila kumtaka kitu ni sehemu ya ibada, na kwamba ibada hiyo inamhusu mkazi wa Kasindi, jirani wa Ziwa Edward, kuliko mtalii yeyote.

Mtu ataniuliza: mwenye njaa atazame nini? Kutazama wanyama ni starehe ya anayelala hemani kwenye kisiwa cha Tchegera, ukingo wa kreta ya volkano iliyozama katika Ziwa Kivu, akaamka kuhesabu ndege. Kwa jirani wa Hifadhi ya Taifa ya Virunga, inayopakana na Ziwa Edward, kiboko ni nyama, au ni mharibifu wa shamba. Pingamizi hili lina uzito, maana tangu Wabelgiji walipoianzisha hifadhi mwaka 1925, mara nyingi mwenyeji amefungiwa mlango uliofunguliwa kwa mgeni. Lakini Ayubu hakuwa ameshiba. Aliketi majivuni akijikuna vidonda. Kutazama hakukuwa badala ya chakula. Kulimrudishia kipimo cha nafasi yake duniani.

Tumeshaona gharama ya kukikosa kipimo hicho. Katika miaka ya 1970 Virunga ilikuwa na viboko zaidi ya 20,000. Kufikia 2005 hawakufika 1,000, wengi wakiwa wameuawa na wenye bunduki kwa ajili ya nyama na meno. Kiboko hula nyasi nchi kavu usiku, kisha hurudi majini, ambako mkia wake mfupi hupigapiga na kutawanya mavi. Mavi hayo hurutubisha maji, nayo maji hulisha samaki. Uvuvi wa kupindukia nao umelidhoofisha Ziwa Edward, ila aliyehesabu kilo za nyama tu aliikata mizizi ya riziki ya wavuvi wa vijiji vyake vya Vitshumbi na Kyavinyonge.

Basi, mwingine atasema, kiboko anathaminiwa kwa sababu ya samaki. Tumerudi kwenye faida. Sivyo. Faida hiyo ilijificha mpaka akatokea wa kumtazama mnyama kwa subira kabla ya kumpangia bei. Heshima hutangulia, manufaa hufuata, na hata yasipofuata, kiumbe hakipotezi haki yake ya kuwapo. Kwa hiyo hifadhi inayomwonyesha mtoto wa Kasindi vizuizi na faini peke yake inamnyima kile ambacho Mungu hakumnyima Ayubu juu ya majivu.