Wengi Wape, Lakini Wape Nini?

Graniti si kitu kigeni kwa mtu wa Kate, huku kwenye uwanda wa juu wa Ufipa. Wanajiolojia wameupa mwamba wa hapa jina la mahali penyewe: graniti ya Kate. Ukivunja kipande cha graniti na kukigeuza juani, utaona felspa, ambayo ndiyo nyingi, kisha kwatsi inayong'aa kama kioo, na mara nyingi ulanga unaometameta. Kwa hesabu ya wakubwa hao jiwe hupewa jina lake.

Lakini ndani yake mna madini mengine ambayo jicho tupu haliyaoni kwa urahisi. Kuna apatiti, yenye kalisi na fosforasi, na kuna zikoni, iliyoundwa kwa zikoniamu, silikoni na oksijeni. Kwa kawaida madini hayo ni sehemu ndogo sana ya mwamba. Yawepo yasiwepo, jina la jiwe halibadiliki. Ndiyo maana huitwa madini ya ziada.

Hata hivyo, wataalamu wakitaka kujua jiwe lilizaliwa lini, mara nyingi shahidi wao wa kwanza ni zikoni. Chembe hiyo, inapoganda kutoka katika uji wa moto wa mwamba, hupokea urani kidogo katika umbo lake, lakini risasi huikataa. Nayo urani hugeuka kuwa risasi polepole mno. Ile iliyo nyingi huhitaji kama miaka bilioni 4.5 ili nusu yake igeuke. Basi risasi inayokutwa humo baadaye imezaliwa humo humo, na kiasi chake hutaja umri. Graniti za Ufipa zina zaidi ya miaka bilioni moja na nusu.

Nilipojifunza hayo nilikumbuka kosa langu. Nikiwa kijana niliwahi kuwa karani katika kikao cha wazee, katika kijiji kimoja cha huku kwetu. Ndugu wawili waligombea mpaka wa shamba. Wanaume kumi na mmoja walisema mpaka ulipita bondeni. Bibi mmoja, aliyehamia pale zamani na ambaye hakuwa na shamba wala jamaa upande wowote, alisema ulipita juu, penye jiwe lililopasuka. Alipomaliza aliniuliza, "Umeandika, mwanangu?" Nikaitikia kwa kichwa. Sikuwa nimeandika neno. Katika daftari niliweka: "Wote walikubaliana." Wengi wape, nilijiambia.

Bibi yule amekwisha kufariki. Sijui hata leo kama alisema kweli, na hilo ndilo linaloniuma. Ningejua kwamba alikosea, ningetulia. Ningejua kwamba alipatia, ningekwenda kuomba radhi kwa aliyepoteza shamba. Lakini mimi niliuondoa ushahidi wake kabla haujapimwa, na sasa hakuna wa kuupima.

Je, methali yetu ni mbaya? La. Wengi wape uongozi, wape zamu ya kisima, wape siku ya mkutano. Hayo ni mambo ya kuchagua, na wingi una haki yake. Lakini mahali mpaka ulipopita si jambo la kuchagua. Ni jambo lililokwisha kuwa, na hapo swali si wangapi wamesema, bali nani aliona, na alikuwa na nini cha kupata. Bibi yule alikuja na mikono mitupu, kama zikoni inavyoanza bila risasi.

Wala sisemi kwamba mnyonge huwa mkweli kila mara. Wapimaji nao hawaiamini zikoni kwa upofu. Urani iko ya aina mbili, kila moja ikigeuka kwa mwendo wake; hupima zote mbili na kulinganisha. Umri usipopatana, hujua kwamba huenda chembe imepoteza risasi njiani. Nasi tungeweza kupanda hadi kwenye lile jiwe pamoja na bibi, tukatazama. Haikuwa hata nusu saa ya kutembea.

Siku hizi nikiombwa kuandika mihtasari ya kikao, neno "wote" huwa zito mkononi mwangu. Kabla ya kuliandika huinua macho na kumtafuta aliyekaa pembeni.