Cheche na Chaji

Mtu akimdhulumu mwenzake kwa kutojua, ana hatia? Swali hili nimelibeba tangu mwaka jana, na sikulitoa kitabuni. Nililitoa chini ya kiti cha pikipiki.

Pikipiki yenyewe ni kuukuu, niliinunua mkononi hapa Malindi ili iniongezee kitu juu ya mshahara wa ualimu. Injini yake ni ya ukoo wa Honda CG125, ile iliyoanza kuuzwa mwaka 1976, ikatumia rodi kusukuma vali badala ya cheni, ili ivumilie watu wasioifanyia huduma kwa wakati. Pikipiki nyingi za Kichina zilizoko stejini leo zimeufuata mfano huo. Ni mashine iliyozaliwa kusamehe. Asiyesamehe nilikuwa mimi.

Nilimpa kijana mmoja aiendeshe, hesabu ikiwa Sh300 kwa siku. Alipenda kazi ya usiku, maana usiku nauli ni nzuri. Ikaanza kumzimikia njiani. Fundi akachomoa plagi, akaigusisha kwenye injini, akapiga kiki: cheche nyembamba, nyekundu. "Koili imekufa," akasema. Tukaweka mpya. Baada ya siku tatu ikazima tena. Akasema basi ni CDI. Tukanunua. Ikazima. Ndipo akaishika ile koili, akaigeuzageuza, akaniambia ati hii siyo aliyoiweka yeye.

Sikumuuliza amejuaje. Hadithi ilikuwa imeshajipanga kichwani: kijana anafanya kazi gizani, vipuri vinakufa ovyo, basi anauza vipya na kufunga mitumba. Nikamkata Sh700 za koili na kumpokonya ufunguo palepale stejini, mbele ya wenzake.

Nikanunua betri mpya, nikampa mwingine, mtu wa mchana. Pikipiki ikatembea siku nne bila tatizo. Jama, nilijiona nimepata ushahidi! Siku ya tano akabeba wageni wa harusi hadi usiku. Ikamzimikia Gede.

Safari hii niliipeleka kwa mzee anayetengeneza redio. Hakugusa kipuri. Alitoa mita, akapima betri injini ikiwa imezimwa: volti 12.4. Akawasha, akakanyaga moto. "Hapa ingepanda ikaribie 14," akasema. Ikabaki 12.2. Akawasha taa, ikazidi kushuka.

"Mwalimu, cheche na chaji ni vitu viwili," akanieleza. Kuna pikipiki ambazo CDI yake hupata umeme moja kwa moja kutoka kwenye magneti. Hizo hata bila betri huwaka. Yangu siyo ya namna hiyo. CDI yake hula betri, na taa zake hula betri hiyohiyo. Betri ikikosa kujazwa, usiku ndio huimaliza, kisha cheche hudhoofika. Koili inahukumiwa kwa kosa lisilo lake.

Akafuata nyaya kutoka kwenye magneti. Kabla ya kapla umeme ulikuwa mwingi. Baada ya kapla, upande wa regulata, ulikuwa kidogo. Akaivuta ikafunguka. Ndani kulikuwa kijani tupu, kutu ya shaba, hewa ya chumvi ya bahari. Mguu mmoja ulikuwa umeungua. Akakata, akasafisha, akafunga kapla nyingine. Sh150. Mita ikasoma 14.1.

Nilisimama pale nikihesabu. Koili, CDI, betri: hizo zinaweza kukaa kabatini zikangoja siku yake. Mtu hakai kabatini. Nilimbadilisha kijana kama nilivyobadilisha koili, nikabahatisha, na dalili ilipotoweka nikadhani nimepona ugonjwa.

Najua utetezi wangu. Mimi ni mwalimu wa historia, ningejuaje mambo ya volti? Na mwenye mali hawezi kungoja hakika ndipo aamue. Hasara nayo haingoji. Yote ni kweli. Kutojua kwangu hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kumlipisha mtu mwingine gharama ya kutojua kwangu, ilhali kipimo kilikuwapo, na swali moja tu kwa fundi, "umejuaje?", halikuwa na bei. Kwenye pesa zangu mwenyewe nina haki ya kubahatisha. Kwenye jina la mtu sina.

Nilimtafuta kijana. Nilimkuta sokoni akisukuma mkokoteni wa maji. Nikamwambia yote, hata rangi ya ile kutu, nikamkabidhi Sh700. Alizihesabu polepole, akazitia mfukoni.

"Ahsante, mwalimu. Hizi ni za koili," akasema. "Na zile wiki tano je?"

Sikuwa na jibu. Nilimwomba turudi pamoja stejini, nikaseme mbele ya walewale waliosikia. Akakubali, kwa sharti kwamba amalize kwanza kupeleka maji. Nikashika mkokoteni upande wa pili tukasukuma.

Ufunguo nilimpa siku hiyo. Za wiki tano tulikubaliana nizilipe kidogo kidogo, na bado nazilipa: jioni moja kila wiki hachukuliwi hesabu. Lakini wapo watu pale stejini ambao siku ile ya pili hawakuwapo, na hao bado wanaijua ile hadithi ya kwanza tu.